Jinsi ya Kuibana Bima Mpaka Ilipe

Daktari, kwanza usipige simu. Kampuni za bima ya afya za Marekani zinapenda sana simu: utasikilizishwa muziki, utaambiwa dai lako linashughulikiwa, na siku ya kesi huna hata karatasi moja ya kumwonyesha hakimu. Andika barua. Weka namba ya dai, tarehe ya matibabu, bei mliyokubaliana kwenye mkataba na kiasi walichokulipa. Pengo kati ya hiyo bei na hayo malipo ndiyo kesi yako.

Kisha hesabu siku. New York, dai kamili lililotumwa kwa kompyuta hulipwa ndani ya siku 30, la karatasi ndani ya 45. Wakipitiliza, riba ni angalau asilimia 12 kwa mwaka. Texas huongeza na faini, tena kubwa. Kwa hiyo ambatisha faili la mgonjwa mapema, wasije wakaliomba siku ya 29.

Wakili wao atakuja na ERISA, sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu mafao ya wafanyakazi, akidai inazizima sheria hizo za majimbo. Usitishike. Mwambie hamgombani kama mgonjwa ana haki ya kulipiwa na bima, mnagombana kuhusu bei iliyomo mkatabani. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliikubali tofauti hiyo mwaka 2009, katika kesi ya Lone Star OB/GYN dhidi ya Aetna.

Kifungu cha usuluhishi kisome mara mbili, maana bima huking'ang'ania mpaka kiwageuke. Daktari wa watoto wa New Jersey, John Sutter, aliishtaki Oxford Health Plans kwa kutomlipa yeye na wenzake kikamilifu na kwa wakati. Oxford yenyewe ndiyo iliyodai shauri liende kwa msuluhishi. Likaenda. Msuluhishi akaamua Sutter anaweza kuwadai kwa niaba ya madaktari wote wa kundi lake, na Oxford ikakimbilia mahakamani kumpinga. Mwaka 2013 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliikatalia: mlimtaka msuluhishi, kaeni na uamuzi wake.

Ila ankara ya pengo usimpelekee mgonjwa. Mikataba mingi inakataza, na yeye michango yake ameshalipa.

Mkataba ukifika wakati wa kuhuishwa, usisaini kabla haijaandikwa kwamba hawatakata madeni ya zamani kwenye malipo mapya bila kukupa notisi.