Malkia Tisa na Fundi Mmoja

Kwa miezi minane, kila usiku, nimekaa na koseti ya mwanamke mwingine mapajani, na mke wangu, kwenye kochi hilo hilo akitazama tamthilia yake, hakuona wivu hata chembe. Angeonaje? Yeye ndiye aliyeniponza.

Mwezi wa kumi mwaka jana, hapa Lyon tunakoishi, alirudi kutoka maktaba ya mtaa na habari kwamba majirani wanaunda kundi la kushona nguo za kifalme za karne ya 18, zile za Versailles, wazivae kwenye dansi mwezi wa sita. Nikamwambia vizuri, kila mtu na starehe yake.

"Nimewaambia mume wangu ni mtoto wa fundi," akasema, huku anavua viatu.

Ni kweli. Marehemu mzee alishona suruali na sare za shule kwenye baraza moja pale Tanga mpaka macho yakamchoka. Lakini kazi zangu barazani zilikuwa mbili tu: kumtilia uzi kwenye sindano, na kuwaambia wateja kwamba baba katoka kidogo. Kwa ujuzi huo nikateuliwa fundi mkuu wa mfalme Louis wa 16.

Tulikuwa watu kumi na wawili. Kikao cha kwanza, mwenyekiti wetu, mama mmoja mwalimu mstaafu wa historia, alipitisha karatasi kila mtu aandike atakuwa nani. Karatasi ilirudi na Marie Antoinette tisa. Versailles nzima, pamoja na maelfu ya watu waliokuwa wakiishi na kuhudumu mle, ilihitaji mmoja tu, na huyo mmoja mwishowe Wafaransa waliona amezidi. Wanaume tulikuwa watatu: mfalme, mimi, na kijana aliyeandika D'Artagnan, akaambiwa amekosea karne. Mpishi hakuwepo. Mfua nguo hakuwepo. Nilidhani angalau mmoja angejitolea kuwa kijakazi, maana nguo za kijakazi ni nyepesi kushona, wakanitazama kama niliyetukana.

Halafu likaja suala la cherehani. Mwenyekiti alisema nguo za karne ya 18 zilishonwa kwa mkono, kwa hiyo nasi tutashona kwa mkono. Nikainuka kuitetea cherehani kwa uchungu wa mtoto wa fundi. Nikawakumbusha kwamba Barthélemy Thimonnier, aliyepata hataza ya cherehani yake mwaka 1830, alikuwa fundi nguo wa Amplepuis, si mbali na hapa tulipokaa. Mtu wa kwao! Mwenyekiti akatabasamu, akasema ndiyo, na mafundi wa Paris waliivamia karakana yake wakazivunja zile mashine, na mwenyewe akafa maskini. Mfalme akapiga makofi.

Tukafikia mwafaka: mishono inayoonekana kwa mkono, ya ndani kwa mashine. Ulisikika kama mwafaka wa haki. Ilinichukua wiki mbili kugundua kwamba wote wana cherehani nyumbani, kwa hiyo ya ndani wataishona wao, na inayoonekana ni ya nani? Ni ya mtoto wa fundi.

Sasa nikueleze mzigo wenyewe, maana ukitazama zile picha unaona hariri na maua, huoni kilicho chini. Chini kabisa ni shimizi, ambayo wao wanaiita chemise. Hapo nilijisikia niko nyumbani, na ndiyo mara ya mwisho. Juu ya shimizi ni koseti. Zamani walizitia vile vipande vigumu vya kinywani mwa nyangumi, vinavyoitwa mifupa ingawa si mifupa. Sisi tulitia kamba za plastiki, zile ambazo mafundi umeme hufungia nyaya. Nilizinunua fungu zima dukani, muuzaji akaniuliza nafunga waya wa nyumba gani kubwa hivyo. Nikamwambia nafunga malkia.

Koseti moja hufungwa mgongoni kwa kamba, na kamba hupita kwenye vitundu. Nilihesabu vitundu 24, kumi na viwili kila upande, na kila kimoja unakitoboa kwa msumari, unakipanua, unakizungushia uzi kwa mkono mpaka kikae kama jicho la kuku. Malkia ni tisa. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kupiga.

Baada ya koseti unafunga mifuko. Mifuko ya nguo hizi haijashonwa kwenye nguo: ni vifuko viwili vya kuning'inia kiunoni kwa utepe, kama alivyofunga bibi yangu pesa kwenye pindo la kanga, na kwenye sketi unaacha mpasuko wa kupitisha mkono. Hili nililipenda kwa dhati, maana magauni ya siku hizi hayana mfuko hata wa kutia ufunguo, na funguo zote za nyumba nabeba mimi. Halafu nyongani wanavaa panier, yaani kikapu. Ndiyo, Wafaransa waliangalia vile vitu wakaviita vikapu bila haya. Mimi niliviita matenga. Ukimvika mtu matenga mawili ya nyanya, moja huku moja kule, ukamfunika kwa mita za kitambaa, umepata umbo la malkia. Mlangoni anapita ubavu, kama kaa.

Juu ya hapo ndipo linakuja gauni, lenye marinda mapana yanayotoka mabegani na kuporomoka hadi sakafuni. Wenzangu wa kike, mnajua doti ya kanga. Doti moja haitoshi. Tulikwenda dukani kuulizia hariri, Lyon ndio mji wenyewe wa hariri, nikatajiwa bei ya mita moja, nikakirudisha kitambaa mahali pake kwa mikono miwili. Tulinunua kitambaa cha mapazia. Na baada ya yote hayo, mbele gauni halina kifungo wala zipu: kile kipande cha pembetatu cha kifuani kinashikizwa kwa pini. Malkia wa Ufaransa, na utajiri wote ule, alikuwa anatembea amejaa pini.

Vipimo nisiseme sana. Jirani wa ghorofa ya tatu aliniletea kiuno cha mwaka aliofunga ndoa. Nilipomshauri tupime upya, alinijibu kwamba koseti itarekebisha. Koseti hairekebishi, inahamisha.

Kilichonikera zaidi ni mapambo. Kila mtu alitaka kuchagua utepe, kila mtu alikuwa na maoni juu ya lesi ya viwiko. Kundi letu la WhatsApp lilijadili rangi ya waridi siku nne. Nikiuliza nani atapiga pindo la chini, kimya, kama nimeuliza nani ana pesa ya kunikopesha. Wala si uzushi wao. Wakati ule kazi ziligawanywa: mtu mmoja alishona koseti, mwingine gauni, na wa mwisho akaja kupachika maua na tepe. Na nani anakumbukwa? Rose Bertin, aliyekuwa akimpambia Marie Antoinette, hata wakamwita waziri wa mitindo. Waliopiga pindo waliishia gizani na macho yao mabovu, na hakuna aliyewaita waziri wa chochote.

Mwezi wa tano ukaingia, simu zikaanza. Gauni langu vipi? Limeiva, nikasema, bado vifungo tu. Halina vifungo, nimeshakwambia. Alhamisi pita uchukue. Alhamisi akapita, nikamwambia uzi wa rangi ile umeisha, wameagiza. Siku moja kengele ililia, nikachungulia dirishani, nikaona malkia wawili chini. Nikamtuma mwanangu.

"Waambie baba katoka kidogo."

Mtoto alikwenda, akarudi, akasema, "Baba, wamesema wanaona kivuli chako." Kwa mara ya kwanza tangu mzee afariki nilimkumbuka nikacheka peke yangu.

Dansi lenyewe halikuwa Versailles. Kule wana la kwao kila mwaka, ndani ya ule Ukumbi wa Vioo, lakini kwa kiingilio chake ningeweza kununua ile hariri. Sisi tulikodi ukumbi wa kwaya, vituo vitatu vya metro kutoka nyumbani. Lifti ya jengo letu imeandikwa watu sita. Ilibeba malkia mmoja, na matenga yake yakabonyea. Nywele walizipaka unga mweupe, na zamani kweli walitumia wanga wa ngano. Mwaka 1775 watu wakafanya ghasia kwa sababu ya bei ya unga, na mie nikilitazama lile wingu jeupe ndani ya metro niliwaelewa, maana pale zilipotea chapati za Idi nzima.

Na mimi? Nilitakiwa kuvaa koti la kudarizi, suruali ya magotini na soksi ndefu. Mwenyekiti alishanitazama miguu akanieleza, kwa upole, kwamba hata mabwana wa zamani wenye miguu myembamba walitia pamba kwenye soksi. Lakini mganga hajigangi. Jioni ya dansi koti langu lilikuwa na mkono mmoja. Nikatoa kanzu yangu ya harusi kabatini, nikavaa na koti jeusi na kofia ya viua, nikaenda zangu.

Mwenyekiti aliponiona alifungua mikono. Akawatangazia wageni kwamba mwaka 1788 Tipu Sultan wa Mysore alituma wajumbe kwa Louis wa 16, na kwamba mmoja wao amefika. Mimi na Mysore wapi na wapi! Lakini sikubisha, kwa sababu kila mtu alikuwa anasukumana na matenga na mimi peke yangu nilikuwa naweza kukaa kwenye kiti. Nilikula keki vipande vitatu. Pini zilipoanza kudondoka nilijifanya sizioni.

Karibu na saa sita usiku mwenyekiti akanijia, kaishika kola ya kanzu, anaipapasa ile darizi ya shingoni kwa vidole viwili. Akasema mwakani labda wageuze mada, waende mashariki, wote kumi na wawili. Je, nguo hii ni ngumu sana kushona?

Nikafungua kinywa nimwambie ni ngumu mno, inachukua miaka. Nyuma yangu nikasikia mke wangu anavuta pumzi ya mtu mwenye jambo la kusema.