Pilau ya Blackpool

Mama alipotutembelea Preston kutoka Tanga, mume wangu aliapa kwamba mgeni hatarudi kwao bila kuiona bahari ya Waingereza. Nikamuuliza, mtu aliyezaliwa Tanga unampeleka baharini kuona nini? Akasema Blackpool si bahari tu, ni sherehe. Watoto wakaahidiwa kupanda punda.

Ijumaa moja ya Agosti tukapakia gari: sufuria ya pilau iliyofungwa kwa kanga, mkeka, chupa za chai, makoti ya kila mtu, na Mama kiti cha mbele. Mnara ulipojitokeza, wenye mita 158, mume wangu akaanza darsa. Ulifunguliwa mwaka 1894, umeiga ule wa Paris. Reli ilipofika mwaka 1846, wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire wakaanza kumiminika. Kila mji ulikuwa na wiki yake ya kuzima mashine, basi jirani wa nyumbani ndiye jirani wa ufukweni. Mama akauliza choo kiko wapi.

Tukafika ufukweni, bahari haipo. Maji yalikuwa yamekupwa hadi upeo wa macho. "Ya kwetu ikikupwa," Mama akasema, "angalau tunaokota pweza."

Tukatandika mkeka. Upepo ukautandua. Tukauwekea viatu juu. Ukaondoka na viatu, watoto nyuma yake, hadi chini ya gati la kati. (Magati ni matatu. Darsa hilo nililikatiza.)

Na punda? Hata kwato. Muuza pipi, zile fimbo za waridi zenye jina la mji lililopenya ndani toka ncha hadi ncha, akatueleza kwamba kwa kanuni za halmashauri punda wa ufukweni hupumzika Ijumaa. Kitinda mimba wangu akajitupa mchangani akilia.

Hapo ndipo Mama alipoanza kuupenda mji. "Kumbe huku punda wanaiheshimu Ijumaa," akasema, akimtazama mkwewe aliyeacha sala ya msikitini ili tuwahi maegesho.

Mkwe akajifanya anafunua sufuria. Akachagua paja la kuku, akalinyanyua ampe Mama kwa heshima zote. Shakwe wa Blackpool hana haya wala hofu: alishuka kwa nyuma, akalitwaa mkononi, na kumwachia baba wa watu vidole vyenye bizari. Wenzake wakaja kuulizia sahani. Mama alicheka mpaka mtandio ukamtoka, nao ukachukuliwa na upepo.

Tulikula ndani ya gari, vioo juu, kila tonge na mchanga wake. Bahari ikarejea wakati huo, ya kijivu na yenye kelele, hakuna aliyeshuka kuilaki.

"Baba," Mama akamwambia mkwewe, "hao punda kesho wanaingia kazini saa ngapi?"

"Saa nne," akajibu haraka, kisha nikaona uso unambadilika.