Sifa za Jedwali la Kati

Nalisifu jedwali la kati, lile lenye safuwima mbili tu, ambalo hakuna mwandishi wa programu aliyewahi kuliomba. Jina lenyewe halina. Katika Rails huitwa kwa majina ya majirani zake, yakiunganishwa kwa mpangilio wa alfabeti: masomo_wanafunzi. Mali yake yote ni namba mbili za kuazima, ya somo na ya mwanafunzi. Ni mshenga aliyepeleka posa na kuunganisha koo mbili, kisha picha za harusi zinapigwa yeye yuko jikoni.

Na nasaba yake ni ya heshima. Mwaka 1970 E. F. Codd, mtafiti wa IBM, alitaka kila kisanduku cha jedwali kibebe thamani moja, si orodha; kwa hiyo uhusiano wa wengi kwa wengi huhitaji jedwali la kati. Java haina adabu hizo: somo hubeba kundi la wanafunzi, mwanafunzi hubeba kundi la masomo, na hawaoni haja ya mtu wa kati. Hibernate, maktaba ya Java iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, ikajitolea kusuluhisha. Wewe andika @ManyToMany, jedwali tutakufichia.

Likishafichwa ndipo fadhila zake hung'aa. Tazama upole wake. Upande mmoja tu wa uhusiano ndio mwenye mali. Ule mwingine huandikiwa mappedBy na kubaki mtazamaji. Ukimwongeza mwanafunzi kwenye upande wa mtazamaji pekee, programu haitagomba, haitakuaibisha mbele ya wenzako. Itakubali kwa unyenyekevu, na haitahifadhi chochote.

Bidii yake nayo haina mfano. Tuseme somo la Kemia ndilo mwenye mali, na lina wanafunzi 40 kwenye List ya kawaida. Mmoja akiacha somo, mtu mvivu angefuta safu moja akaenda zake. Hibernate hufuta zote 40, kisha huwarudisha 39, mmoja baada ya mwingine. Nani siku hizi hufanya kazi hivyo bila posho? Wachoyo hubadili List kuwa Set ili amri ibaki moja, nami nawaachia Mungu.

Kuhusu ukarimu, weka cascade kamili upande wa mwanafunzi. Kijana akihama shule, ukimfuta, anaondoka na Kemia yake, na Fizikia, na kila alichosoma. Ukiweka cascade pande zote mbili, anaondoka pia na wenzake wa darasani. Na ukijaribu kumgeuza mwanafunzi huyo kuwa JSON, atataja masomo yake, kila somo litataja wanafunzi wake, nao watataja masomo yao, mpaka kumbukumbu ifurike. Hayo ndiyo mazungumzo ya watu wanaopendana.

Wapo waliojaribu kulipa jedwali hili haki yake. Toleo la kwanza la EF Core, zana ya kazi ileile ya Hibernate, mwaka 2016, lilikataa kulificha: ukitaka uhusiano wa wengi kwa wengi, lichoree klasi mwenyewe. Watu wakanung'unika, na katika toleo la 5, mwaka 2020, jedwali likarudishwa jikoni. Mimi nilikuwa upande wa ule ukaidi wa 2016.

Kwa maana siku haikosi kufika ofisi ya taaluma inapouliza mwanafunzi alijiandikisha lini kwenye Kemia, na alipata alama gani. Tarehe hiyo si ya mwanafunzi, wala si ya Kemia. Ina makao mahali pamoja tu. @ManyToMany hubomolewa, mahali pake huja @OneToMany mbili, na yule asiye na jina huitwa Usajili, akapata klasi yake na ufunguo wake wa msingi. Kila mstari wa msimbo uliokuwa ukimpita bila salamu sasa hauna budi kupitia kwake. Wiki hiyohiyo mhasibu naye huomba safuwima ya ada.