Picha Zisizo na Viza

Wako ndugu zetu waliojaaliwa nauli ya Ulaya ambao, wafikapo Uswisi, hushuka stesheni ya Filisur na kupanda vilima kwa subira ya mahujaji, ili tu wainase kwa kamera treni nyekundu ipitapo juu ya daraja la Landwasser, lenye kimo cha mita 65. Nao wakirejea hutuonesha picha hizo kwa fahari ya mtu aliyelijenga kwa mikono yake. Ama sisi wa Mabwerebwere, tulio katika wilaya hii ya Kilosa ambamo reli ya kati, iliyoanzwa na Wadachi huko Dar es Salaam mwaka 1905, yaandamana na mto Mkondoa baina ya milima, na ambamo reli ya umeme iliyozinduliwa mwaka 2024 yaingia na kutoka mahandakini, hatujabahatika kupata hata picha moja. Kwani mabwana hao, treni ipitapo Kilosa, huwa wamekwisha kuteremsha pazia, jua lisije likawazuia kuitazama vema, katika simu zao, Landwasser. Yamkini milima yetu ina aibu moja tu: kuitazama hakuhitaji viza.