Bei ya Mbaraka, Bei ya Viazi

Makambako, pale njia ya Songea inapochepuka, yupo ndugu yetu anayefuatilia minada ya Ulaya ya santuri za bendi ya Morogoro Jazz. Ipi imepanda euro 10, ipi ina mkwaruzo upande wa pili, yote anayo kichwani. Marehemu Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa bendi hiyo aliyetutoka mwaka 1979, mnadani hapati hata senti. Sasa muulize ndugu yetu gunia la viazi Njombe linakwendaje, lumbesa anayofungishwa mama yake mzazi. "Aa, hayo waulize madalali."

Santuri zake hazipigwi. Eti sindano inashusha bei. Mzee jirani, aliyelicheza dansi la Morogoro Jazz ujanani, aliomba asikie wimbo mmoja tu. Akaonyeshwa jalada, kwa mbali, na kuambiwa apanguse mikono kwanza.