Shikamoo Iliyotugharimu Ada

Wewe mwenye familia unajua nyumba inavyokuwa maji yakitoka. Kwetu Tabata maji huja kwa zamu, na zamu ikiangukia Jumamosi asubuhi hakuna anayebaki na shughuli yake. Mke wangu husimama mlangoni akigawa ndoo. Nyumbani tunamwita Hazina, kwa kuwa hakuna shilingi inayoingia wala kutoka asiyoijua. Sauda, binti yetu wa kidato cha tatu, hukinga jikoni. Shemeji yangu hushika mpira. Mimi hupanda juu kuangalia tangi lisifurike. Jumamosi hiyo nilipanda kama kawaida, simu nikaiacha mezani sebuleni. Kwenye kochi alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Huyu mama ametoka Muheza, na sote tunamwita Bi Mkubwa. Huaga kwao kwamba anakuja wiki mbili, akakaa miezi minne, nasi tunafurahi, maana akiwepo hata mchicha unaliwa ukaisha. Ila ana jambo moja asilolivumilia: utovu wa adabu. Mtoto akimpita bila kumwamkia anarudishwa mpaka getini aingie upya. Hata fundi wa friji aliwahi kurudishwa, mtu mzima na mkoba wake wa spana mkononi. Akaingia upya, akaamkia, akapewa chai.

Basi simu ikalia. Bi Mkubwa akaipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Kuanzia hapo, msomaji mwenzangu, mambo yalikuwa yameshaharibika. Kijana alijitambulisha kuwa anapiga kutoka makao makuu ya benki. Akamtaja mwenye simu kwa majina yangu yote matatu. Akasema kadi yangu imeonekana na hitilafu, itafungwa kabla ya saa sita, na mshahara wa mwisho wa mwezi hautaingia. Akaongeza kwamba hapendi kumsumbua mtu aliye kama mama yake mzazi siku ya mapumziko, ila anaogopa watoto wasije wakalala njaa. Bi Mkubwa alimwombea dua hapohapo.

"Kadi iko karibu, mama?"

Iko karibu sana. Juu ya friji letu kuna kopo la siagi la kilo moja. Ndani yake mna funguo zisizo na kufuli, vifungo vya mashati, kadi ya kliniki ya kitinda mimba wetu, risiti za umeme, na wakati huo kadi yangu ya benki. Nilishaomba mara nyingi kadi isikae humo. Jibu la Hazina ni kwamba humo ndimo kila kitu kinapoonekana, na katika hilo sijawahi kushinda.

Bi Mkubwa hakuwa na miwani. Akamwita mjukuu wake wa darasa la tatu, ambaye kwa sauti yake tunamwita Spika. Kusoma kumemkolea siku hizi: anasoma mabango ya barabarani, maandishi ya mifuko ya unga, hata karatasi za vitumbua. Akakabidhiwa kadi. Akasimama katikati ya sebule, miguu pamoja, kifua mbele, kama wanavyofundishwa shuleni, akasoma tarakimu 16 za mbele moja baada ya nyingine. Akasoma mwezi na mwaka wa kadi kuisha muda. Akaigeuza, akasoma tarakimu tatu za nyuma. Mimi juu ya tangi niliisikia sauti yake, nikafurahi moyoni kwamba mtoto anajisomea.

Kisha meseji ikaingia ikiwa na namba sita. Chini yake benki imeandika waziwazi usimpe mtu yeyote namba hizi. Spika alizisoma namba, na hilo onyo pia akalisoma lote mpaka nukta. Kijana akacheka kwa upole, akasema, "Ndiyo, hilo ni kwa ajili ya matapeli, mama, mimi ni mtumishi." Akashukuru, akaaga vizuri, akamwachia Bi Mkubwa salamu za familia. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Dakika mbili baadaye ikaja meseji nyingine: shilingi 385,000 zimelipwa kwenye duka la mtandaoni.

Kilichofuata ndicho kilichoniuma kuliko hela, nacho ndicho kilichonifanya niandike. Bi Mkubwa alielewa mara moja. Akamwambia Spika anyamaze. Akaichukua simu yangu, akaiweka chini ya mto wa kochi, akaenda uani na ungo akaanza kuchambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa tangu jana. Nilishuka, nikamkuta hapo. Nikamwambia, "Mama, mbona mchele huo ni safi?" Akanijibu kwamba mchele haukosi mawe. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nilidhani ni njaa, nikaagiza aletewe uji.

Simu niliipata saa saba, tulipokuwa tunatandika jamvi la chakula. Meseji ya pili ilikuwa imeshafika saa sita: shilingi 210,000, duka jingine, na safari hii bila hata namba sita kuombwa, kwa kuwa baadhi ya maduka ya nje hayaziombi. Jumla ni 595,000. Hiyo ilikuwa ada ya Sauda.

Naomba unielewe vizuri. Ile 385,000 ilichukuliwa na tapeli. Ile 210,000 ilichukuliwa na aibu. Kama mama yule angeniita saa nne na robo, kadi ingefungwa saa nne na nusu. Hakuniita kwa sababu miezi miwili kabla, jirani yetu alipopigwa kwa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", sote tulikaa barazani tukashangaa mtu mzima anaingizwaje mjini namna ile. Bi Mkubwa alikuwepo. Alitusikia.

Na hakusema papo hapo hata pale jamvini. Kwanza tukamtazama Mjomba Tozo.

Huyu shemeji yangu jina hilo alilipata mwaka 2021, serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu. Ukimtuma mkate anarudi na mkate uliomegwa. Ukimtuma hela haikosi kupungua nauli. Lakini si mwizi, na hajawahi kuwa mwizi. Tatizo ni kwamba namba ya siri ya kadi aliijua. Sauda aliijua. Spika aliijua. Ilikuwa ni mwaka wa ndoa yetu, na kila aliyewahi kutumwa ATM siku ya mvua alikuwa nayo. Tena kabla ya Idi mashine ilishawahi kutumezea kadi, kwa vile Mjomba Tozo aliingiza mwaka wa posa badala ya mwaka wa ndoa mara tatu mfululizo, tukala Idi kwa mkopo wa duka la Mangi. Namba za tarakimu nne ziko 10,000. Ukichagua mwaka unaoukumbuka, umemwachia mwizi kubahatisha miaka isiyofika hata 100, na wa kwanza atakaoujaribu ni wako.

Kwa hiyo siku ile hatukuwa na njia ya kumsafisha yeyote. Hazina alimwuliza kaka yake swali moja tu, kwa sauti ya chini: "Ulitoka na kadi leo?" Mjomba Tozo akaweka tonge chini, akanawa, akatoka. Hapo ndipo Bi Mkubwa alipolia na kusema yote. Nilimfuata shemeji mpaka kijiweni kwa bodaboda kumwomba radhi. Alisamehe, lakini kwa siku tatu chakula alikula chumbani kwake.

Turudi kwenye kadi. Namba ya benki iliyochapwa nyuma ilikuwa imefutika kwa kusuguana na funguo humo koponi. Nikataka kuitafuta mtandaoni. Sauda akaninyang'anya simu. "Baba, humo matapeli nao wanaweka namba zao wakijiita benki." Akaipata kwenye bahasha kadi ilimokuja, iliyokuwa imetumika kufunikia daftari lake la hesabu. Tulipopiga alipokea dada mmoja, akauliza maswali machache ya kunitambua, akaifunga kadi hatujamaliza hata dakika tano. Hakuuliza namba ya siri. Hakuuliza tarakimu tatu za nyuma. Hakuuliza namba za meseji. Bi Mkubwa alikuwa amekaa pembeni akisikiliza kila neno, na mwishoni akasema polepole, "Kumbe wenyewe hawaulizi."

Jumatatu nilikwenda kituo cha polisi nikapata namba ya taarifa (RB), nikaenda tawini nikajaza fomu ya kupinga miamala yote miwili. Ile ya pili, ambayo haikuthibitishwa kwa namba sita, ilirudishwa baada ya wiki saba. Ya kwanza haikurudi, kwa sababu namba tuliitoa sisi wenyewe. Namba ya yule kijana tuliiripoti kwenda 15040, ambayo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, imeiweka kwa ajili ya matapeli wa simu. Ada tulilipa kwa kikoba cha Hazina.

Jinsi yule kijana alivyoyajua majina yangu matatu ilinisumbua siku kadhaa, mpaka Mjomba Tozo alipotoka chumbani na kunionyesha. Akaandika namba ya jirani kwenye simu yake kana kwamba anamtumia hela. Kabla hajathibitisha, jina la jirani likatokea kama lilivyosajiliwa. Akafuta. Ni hivyo tu. Mtu kulijua jina lako hakumfanyi kuwa wa benki.

Tangu hapo shemeji amekuwa na bidii ambayo sikuitarajia. Hatoi hela ATM bila kwanza kuutikisa ule mdomo wa kuingizia kadi na kuukagua ubao wa namba, maana wapo wanaobandika kifaa juu yake kinachonakili kadi, na kikamera kinachotazama vidole. Anaufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto hata kama foleni nyuma yake inalalamika. Amemweleza Spika kwamba ule mstari mweusi wa nyuma husema maneno yaleyale kila siku, ndiyo maana unanakilika, ila chipu ya mbele hutoa msimbo mpya kila muamala. Kituo cha mafuta akiombwa kadi ipelekwe ndani, anashuka anaifuata mpaka kwenye mashine. Watu wanamwona msumbufu. Mimi namwona ni mlinzi wa nyumba yangu.

Hazina naye alitunga sheria. Kadi mpya inakaa kwenye pochi yake. Namba ya siri tunaijua wawili, na haihusiani na ndoa wala kuzaliwa kwa mtu. Manunuzi ya mtandaoni yana akaunti nyingine, ambayo inawekewa hela ya siku hiyo tu. Kopo la siagi limebaki palepale juu ya friji, hilo sikulipata.

Lakini Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa kazi. Tulimwambia akipigiwa na asiyemjua akate. Akashangaa kabisa. "Nimkatie mtu aliyeniamkia?" Hakuelewa, na nilipofikiri niliona ana haki. Miaka sabini amefundisha watoto kwamba anayekuamkia umpokee, umsikilize, umjibu. Yule tapeli alilijua hilo vizuri kuliko anavyoijua benki. Alipita kwenye shikamoo kama mtu anayepita mlango ulio wazi.

Tukafanya mazoezi. Jioni Mjomba Tozo anajifungia chumbani kwake, anabadilisha sauti, anampigia mama yake mzazi. "Shikamoo mama, napiga kutoka benki." Siku ya kwanza Bi Mkubwa alimwuliza kama amekula. Siku ya pili alimwuliza kwao ni wapi, wakafika mpaka ukoo. Spika akapewa kazi ya kukaa miguuni pake na kupaza sauti, "Kata, bibi!" Alipaza hadi mbwa wa jirani wakaitikia.

Siku ya tano mwenyewe akapata njia. Simu ikalia, shikamoo ikaja. Akajibu, "Marahaba, mwanangu," kwa utulivu, akaikata, akaiweka simu mezani na kuilaza kifudifudi. Salamu ameijibu, na hela zetu zimebaki. Akatutazama mmoja mmoja kama anayesubiri tumkosoe. Hazina alikwenda akambusu mkono.

Wiki mbili baadaye ikaja simu ya tapeli wa kweli, sauti nyingine, kadi nyingine inayofungwa kabla ya saa sita. Nilikuwa nimekaa naye. Aliitikia marahaba, akakata, kisha akaniita kwa sauti, ingawa nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake.

Mpigie mama yako leo jioni. Mwambie ana ruhusa ya kukata simu ya mtu aliyemwamkia, na kwamba akikosea akuite saa hiyohiyo, hutamcheka.