Vitenzi Vinavyojichanganya Vyenyewe

Msafiri aliyetoka kukaguliwa uwanja wa ndege hana hadhi yoyote. Mkono mmoja umeshika suruali isidondoke, maana mkanda bado uko kwenye trei. Wa pili unaiwahi kompyuta mpakato kabla haijabanwa na begi la mtu wa nyuma. Kiatu kimoja kimefika, cha pili kiko njiani, na pasipoti ameibana kwa meno. Katika uwanja wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani, wakubwa walimwonea huruma. Mwaka 2008, hatua chache baada ya mashine, walimtengea mahali penye viti na juu yake wakatundika kibao: "Recombobulation Area".

Maana yake ni mahali pa kujiweka sawa. Walikipata kibao hicho kwa kukigeuza kitenzi "discombobulate", yaani kumvuruga mtu hadi asijue mbele wala nyuma. Kitenzi hicho nacho ni cha kubuni. Wamarekani wa miaka ya 1830 walipenda kutunga maneno marefu yenye mlio wa Kilatini, wakiwatania waliojifanya wasomi. Kibao cha Milwaukee, basi, ni utani uliozaa utani, ila kila anayefunga kamba za viatu chini yake anauelewa.

"Discombobulate" hakiko peke yake. Ukoo wake wa vitenzi vya Kiingereza vya kuvuruga watu ni mkubwa, na wengi ndani yake wamewavuruga kwanza wenye lugha.

"Bamboozle" ni kumzuga mtu mpaka akubali. Kiliibuka London mwanzoni mwa miaka ya 1700, na hadi leo watunzi wa kamusi hawajaafikiana kilitokea wapi. Jonathan Swift, yule aliyemtunga Gulliver na safari zake, hakutaka hata kukisikia. Mwaka 1710 aliandika katika jarida la The Tatler akikishutumu pamoja na maneno mengine ya mitaani, yakiwemo "mob", kundi la watu wa fujo, na "banter", utani wa kurushiana. Swift alikuwa bingwa wa kalamu, lakini mtaa ulimshinda: maneno yote matatu yangali hai na yananawiri.

"Baffle" kina maisha ya kutisha zaidi. Leo Mwingereza hukitumia akiikodolea macho bili ya gesi asiyoielewa. Katika karne ya 16 kilikuwa jina la adhabu: askari wa farasi mwenye cheo cha heshima akivunja kiapo, aliaibishwa hadharani, yeye au sanamu yake ikaning'inizwa miguu juu, kichwa chini. Wenye bili wanaweza kusema hali haijabadilika sana.

Halafu kuna "nonplussed". Kwa Kilatini ni kama kusema "basi, hakuna zaidi", na Mwingereza humaanisha mtu aliyepigwa bumbuwazi. Wamarekani wengi, pengine kwa kuusikia ule mwanzo wa kukanusha, humaanisha mtu asiyetikisika. Kamusi zimenyoosha mikono na kuorodhesha maana zote mbili. Sasa mfikirie mfanyakazi wa London anayetumiwa ujumbe kutoka ofisi ya Chicago kwamba bosi ameisoma barua yake ya kuacha kazi na yuko "nonplussed". Aanze kufungasha au asubiri kubembelezwa?

Lakini kitenzi kilichovuruga watu wazito zaidi hakimo hata katika ukoo huo. Ni "table", kinachotokana na meza. Winston Churchill amesimulia katika historia yake ya Vita Kuu ya Pili jinsi maofisa wa Uingereza walivyowaambia wenzao wa Marekani kwamba wana waraka wa haraka na wanataka "ku-table". Kwa Mwingereza, hapo waraka unaletwa mezani ujadiliwe. Kwa Mmarekani, unawekwa kando usahaulike. Wakabishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kumbe wote walitaka jambo lilelile. Mtanzania aliyezoea kusikia bungeni kwake hati zikiwasilishwa mezani angesimama upande wa Mwingereza bila kusita, na kwenye kikao cha New York angeshangaa hoja yake inazikwa huku watu wakitabasamu.

Huku kuvurugana ni kwa bahati mbaya. Kitenzi "obfuscate", ambacho asili yake ya Kilatini ni kutia giza, ni cha makusudi na makazi yake ni ofisini. Mwaka 1978 ndege aina ya Boeing 727 ya National Airlines ilitua majini karibu na Pensacola, Florida, na abiria watatu wakafa. Bima ililipa zaidi ya thamani ya ndege iliyokuwa vitabuni. Ilipofika ripoti ya mwaka, faida hiyo ikaelezwa kwa wenye hisa kuwa imetokana na "ubadilishaji usio wa hiari" wa 727. Wahasibu wanaujua msemo huo. Abiria hawakuwahi kuusikia.

Mwaka uliofuata, mwanamke aliyekulia Liverpool, Chrissie Maher, ambaye alijifunza kusoma akiwa tayari binti mkubwa, alichoka na fomu za serikali zisizosomeka. Alikwenda Parliament Square, mbele ya Bunge mjini London, akaanza kuzikatakata mamia kwa mamia. Ndivyo ilivyoanza Plain English Campaign, kampeni ya kudai Kiingereza chepesi. Polisi akafika na kumsomea sheria ya mwaka 1839, sentensi moja ya maneno zaidi ya 100 isiyo na mahali pa kupumua. Maher alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama upuuzi wote ule ulimaanisha aondoke.

Ndiyo, ulimaanisha hivyo.